Azola ya kununua, ya jarubani na ya ziwani: ni mmea mmoja?

Swali: Mtaalamu, ninafuga kuku na sato hapa Misungwi, Mwanza. Nilinunua mbegu ya azola, ule mmea mdogo unaoelea juu ya maji, kwa mtu aliyeniambia ni ya India, nikaiweka kwenye tanki na imestawi. Baadaye nikagundua kwamba kwenye majaruba yetu ya mpunga kuna kitu kama hicho hicho, ila ni chekundu. Juzi mwanangu ameniletea kingine kutoka ziwani penye mafunjo. Hicho ni kirefu kuliko kiganja changu. Hizi zote ni azola moja? Nitazitofautishaje, na je, naweza kuzichanganya kwenye tanki moja ili zizaliane haraka?

Jibu:

Asante sana mama kwa swali hili. Umenisaidia kwa kutaja kila mmea ulikotoka, jambo ambalo wengi wanaoniandikia husahau. Jibu fupi ni kwamba si mmea mmoja. Ule mrefu wa ziwani, kwa urefu huo na kwa mahali ulipookotwa, hauwezi kuwa kingine zaidi ya Azolla nilotica. Ule mwekundu wa jarubani kuna uwezekano mkubwa ni Azolla pinnata, azola ndogo ya asili ya nchi zetu. Ule wa kununua sitauita jina lolote kwa maneno ya muuzaji tu. Huo ni lazima uangaliwe kwa lenzi, na pengine kwa hadubini. Mpaka ujulikane, usiuchanganye na mingine na usiuache utoke nje ya tanki lako. Nitaeleza sababu, lakini kwanza tuzungumze jinsi ya kuitambua.

Tuhakikishe kwanza kwamba zote tatu ni azola kweli. Juu ya maji yaliyotulia huishi mimea midogo mingi inayofanana kwa mbali. Lemna na ndugu zake huwa ni vidoto bapa vya kijani, laini, visivyo na magamba; kidoto kimoja cha lemna hushusha mzizi mmoja tu, na cha spirodela hushusha mizizi kadhaa. Salvinia, ambayo ni ya familia moja na azola, ina majani mapana zaidi yaliyokaa mawili mawili, yana vinyweleo vinavyoonekana kwa macho, na kile kinachoning'inia chini si mizizi bali ni jani la tatu lililochanika nyuzi nyuzi. Kuna pia Ricciocarpos natans, mmea usio na mizizi ya kweli, wenye umbo la nusu duara na mfereji katikati, na chini yake kuna magamba marefu ya zambarau. Huo huwadanganya hata wanafunzi wa vyuo. Azola yenyewe utaitambua kwa majani madogo mno, ya milimita moja hivi, yaliyopangana kama magamba pande zote mbili za shina. Izamishe kwa kidole kisha uiachie: itaibuka ikiwa kavu juu, kwa sababu uso wa majani yake hushika hewa na kuyakataa maji.

Azola ni jamii ya kangaga. Haitoi ua wala haizai mbegu, kwa hiyo ulichouziwa ni mimea hai yenyewe, na mimea hiyo huongezeka kwa kukatika. Kitawi kikimeguka kinakuwa mmea mpya. Jambo hili ndilo linaloharibu kazi ya utambuzi kuliko jingine lolote, maana watu hupima ukubwa. Wanaona mmea wa sentimita mbili na mwingine wa sentimita ishirini, wanasema hizi ni aina mbili. Halafu wanaokota kipande kilichomeguka kutoka kwenye ule mkubwa na kukiita aina ya tatu. Urefu unaweza kukusaidia upande mmoja tu: azola ya sentimita kumi na tano au ishirini ni nilotica, basi. Azola fupi inaweza kuwa yoyote, pamoja na nilotica iliyokatika.

Rangi nayo iache kabisa. Najua nyekundu ndiyo iliyokushtua, lakini azola karibu zote hugeuka nyekundu zikibanwa na hali. Jua kali linatosha. Maji yakiishiwa fosforasi zinageuka, na baridi ikiingia zinageuka. Majaruba yako huenda yana jua la kutwa nzima na maji yaliyochoka, tanki lako lina kivuli na samadi, na tofauti hiyo peke yake inaweza kuupa mmea ule ule rangi mbili. Jaribu hivi: chukua mafungu machache ya ile nyekundu, weka kwenye beseni lenye maji na samadi kidogo, mahali penye kivuli cha wastani. Baada ya wiki moja au mbili tazama machipukizi. Yale majani ya zamani yatabaki mekundu, mapya yatatoka kijani.

Basi tutazame nini? Tutazame yale ambayo bwawa haliwezi kuyabadilisha: namna shina linavyotoa matawi, namna mizizi inavyotoka, vinyweleo vya jani, na vifuko vya spora, yaani chembe za uzazi. Chukua beseni jeupe, jaza maji safi, weka mmea mmoja mmoja. Usiutazame mkononi, kwa sababu ukitolewa majini kila kitu hujikunja na kugandana. Lenzi ya kukuza mara 10, kama ile wanayotumia masonara, inatosha kwa hatua mbili za kwanza.

Anza na mizizi. Geuza mmea wako wa ziwani, fuata shina kuu taratibu. Utaona mizizi inatoka kwa mafungu: mahali pamoja kwenye shina panashuka mizizi kadhaa kwa pamoja, halafu panapita nafasi, halafu fungu jingine. Hiyo ni alama ya nilotica, na katika azola zote zilizopo duniani ni yeye tu mwenye tabia hiyo. Wengine wote hushusha mzizi mmoja mmoja. Ndiyo maana hata kipande kilichomeguka hakiwezi kukudanganya ukishajua hili, mradi kiwe na sehemu ya shina la zamani. Ncha changa mno inaweza kuwa haijashusha mizizi bado, na hiyo iweke pembeni, usiihukumu. Alama nyingine ya nilotica ni shina lake kuu, ambalo ni nene, linaonekana wazi kutoka mwanzo hadi mwisho, lina vinyweleo, na linatoa matawi ya pembeni kwa zamu, kulia na kushoto. Ni mmea wa Afrika tu. Hukua kuanzia Sudan mpaka Msumbiji, kwenye vinamasi na kingo za maziwa ambako mafunjo yanakata upepo na mawimbi. Kwenye maji ya wazi ni nadra kuonekana, kwa sababu mawimbi huukatakata.

Sasa ule wa jarubani. Azolla pinnata ukiutazama kwa juu una umbo la pembetatu. Matawi ya karibu na shina la nyuma ni marefu, yanapungua urefu taratibu kuelekea nchani, na kila tawi limekaa kwa mpangilio unaokaribia kuwa wa kupimwa kwa rula. Mmea mzima huwa na sentimita moja na nusu hadi mbili na nusu. Mizizi yake ni mmoja mmoja, lakini kila mzizi una vinyweleo vingi laini vinavyoufanya uonekane, ukiwa ndani ya maji, kama unyoya wa kuku. Mizizi mitupu isiyo na vinyweleo hivyo inapaswa kukutia shaka. Hapa ndipo beseni linapohitajika, maana nje ya maji unyoya huo hulala na kupotea.

Ukishamaliza hao wawili, ndio wa asili wetu, na mara nyingi kazi inaishia hapo. Ugumu unaanza na azola zilizotoka Amerika, ambazo zimesafirishwa dunia nzima na watu wa mpunga, wa mifugo na wa madimbwi ya mapambo. Wawili ndio wa kuwajua: Azolla filiculoides na Azolla cristata. Hawa hawana ile pembetatu iliyonyooka. Shina lao hugawanyika mara mbili, kila tawi likagawanyika tena, mpaka mmea unakuwa na umbo la kuzungukazunguka lisilo na shina kuu unaloweza kulionyesha kwa kidole. Filiculoides zikibanana huinua matawi yake juu ya maji, na mkeka wake huwa mnene. Cristata kwa kawaida ni ndogo zaidi na hulala bapa. Lakini nakusihi usiwatenganishe wawili hawa kwa unene wala kwa ulalo, kwa kuwa filiculoides iliyopata nafasi ya kutosha hulala bapa vilevile.

Hapo unahitaji hadubini. Shule ya sekondari yenye maabara ya baiolojia hapo karibu nanyi inaweza kukusaidia, na mwalimu atafurahi kuwa na kitu hai cha kuwaonyesha wanafunzi. Kila jani la azola lina vipande viwili: cha chini, chembamba na karibu kisicho na rangi, kinachokaa majini, na cha juu, cha kijani, chenye uwazi ndani yake ambamo huishi bakteria aitwaye Nostoc azollae, yule anayenasa nitrojeni ya hewani na kuifanya azola kuwa mbolea nzuri ya mpunga. Huyo bakteria yumo katika azola za kila aina, kwa hiyo kumwona hakukwambii ni spishi gani. Unachotafuta ni vinyweleo vifupi vilivyo juu ya kipande cha juu. Chomoa kipande kimoja kwa kibanio, kiweke kwenye kioo na tone la maji, tazama ukingo wake. Kama kinyweleo ni seli moja tu, umeshika filiculoides. Kama kina seli mbili, ya chini kama kitako na ya juu iliyokaa juu yake, umeshika cristata. Tazama vinyweleo vingi, si kimoja, na usikimbilie jibu kwenye jani lililochubuka.

Ushahidi mzito kuliko wote ni vifuko vya spora. Tatizo lake ni kwamba havipatikani kila wakati. Mimea inaweza kukaa miezi mingi ikiongezeka kwa kukatika tu bila kuvitoa. Ukiona mkeka uliosongamana, geuza mimea na utazame upande wa chini, mwanzoni mwa matawi. Vifuko hukaa viwili viwili kwenye azola karibu zote. Kwenye nilotica hukaa vinne vinne. Kuna kikubwa cha mviringo chenye spora za kiume na kidogo chenye spora moja ya kike. Ukikipasua kile cha kiume kwenye tone la maji, zitatoka chembe zilizoshikana kwa mafungu. Kwa azola za Amerika, kila fungu limezungukwa na vijiti vyembamba vyenye ncha ya nanga, ambavyo hulishikiza fungu hilo kwenye spora ya kike. Vijiti vya cristata vimekatwa na kuta nyingi ndani yake; vya filiculoides havina kuta, au vina moja mbili tu. Nilotica haina vijiti hivyo kabisa, na pinnata haina vyenye ncha ya nanga. Spora ya kike nayo inajieleza: ina maboya matatu kwa azola za Amerika, na tisa kwa pinnata na nilotica. Nikipata vifuko vilivyokomaa sihitaji kingine.

Sasa kuhusu jina uliloambiwa. Kuwa "ya India" hakusemi chochote. Huko India wafugaji wanatumia pinnata ya Asia, na wanatumia pia azola za asili ya Amerika zinazouzwa kwa jina la microphylla. Kwenye biashara utakutana pia na caroliniana na mexicana. Majina haya yamechanganyikana hata kwa wataalamu. Mwaka 2004 watafiti Evrard na Van Hove walizipitia upya azola za Amerika na kupendekeza zitambuliwe spishi mbili tu, filiculoides na cristata. Walionyesha kwamba sampuli ya awali iliyobeba jina la caroliniana ni filiculoides, wakati watu walikuwa wanakiita kwa jina hilo kitu kingine. Si wote waliokubaliana nao, na vitabu vingi bado vina majina ya zamani. Ndiyo maana mimi huwa nauliza kwanza mizizi na vinyweleo, jina la muuzaji baadaye.

Kuna jambo moja gumu zaidi ambalo sitakuficha. Pinnata ina nususpishi tatu: africana, ya huku kwetu na Madagaska, asiatica, ya Asia, na pinnata yenyewe, ya Australia na maeneo ya jirani. Ikiwa azola yako ya kununua ina pembetatu na mizizi ya unyoya, basi ni pinnata, lakini inaweza kuwa asiatica iliyosafiri. Kuitenga na africana ya jarubani kwako ni kazi ambayo lenzi ya sonara haiiwezi, na hata kwa hadubini ni kazi ya mtu aliyezoea. Njia ya uhakika ni kipimo cha vinasaba. Kwa hiyo hata ukipata jibu la "pinnata", usione kwamba umepewa ruhusa ya kuimwaga mferejini.

Kwa nini nalisisitiza hili? Filiculoides ilionekana Afrika Kusini mwaka 1948, kwenye mto mdogo karibu na Colesberg. Ilikuja kama mmea wa mapambo. Kwa kuwa haikuwa na mdudu wa kuila huko, ilisambaa kwenye mabwawa na mito ya taifa hilo, ikatandaza mikeka minene inayozuia mwanga, maji ya chini yakakosa oksijeni, na mifugo ikawa inakataa kunywa. Ilidhibitiwa baada ya mwaka 1997, wakati watafiti walipoachia fukusi mdogo aitwaye Stenopelmus rufinasus, aliyeletwa kutoka Florida. Kabla ya kumwachia walilazimika kupima kama atazila pia azola za asili za Afrika, na upimaji wa namna hiyo hauwezekani kama hujui ipi ni ipi. Sisi wa Ziwa Victoria tumeishi na gugu maji tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, tunajua gharama ya mmea mdogo unaoelea. Na Misungwi maji ya jaruba hayako mbali na maji ya ziwa.

Kuhusu kuchanganya kwenye tanki: usichanganye. Kwa kuku na sato, aina ya azola si jambo kubwa, kwa kuwa zote huliwa na zote zina protini nzuri zikikaushwa, ingawa ikiwa mbichi zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Lakini ukichanganya, ile inayokua haraka katika hali ya tanki lako itazifunika nyingine, na hutajua tena unafuga ipi. Nilotica hasa haipendi tanki dogo. Kitu cha kuogopa zaidi kwa chakula ni maji zilikotoka. Azola hufyonza metali nzito kutoka majini na kuzihifadhi mwilini, na kanda yenu ina wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaotumia zebaki. Azola ya mfereji unaopita penye uchenjuaji usiwape kuku wala samaki, hata kama imestawi kiasi gani. Na ya jarubani iliyopuliziwa dawa za magugu au wadudu iache vilevile.

Ukitaka jina la uhakika, andaa sampuli. Weka mimea kadhaa kwenye chupa ndogo yenye spiriti, hiyo ni kwa ajili ya mizizi na vifuko. Mingine ilaze kwenye karatasi ngumu: ingiza karatasi majini chini ya mmea, inua polepole ili matawi yabaki yametandazwa, kisha funika kwa gazeti na uweke uzito juu, ukibadilisha gazeti kila siku mpaka ukauke. Andika kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu hufutwa na spiriti: tarehe, kijiji, aina ya maji, kina, mmea ulikuwa na rangi gani ulipookotwa, na nani aliyeuokota. Andika jina la mwanao, ana haki ya kutajwa. Hebaria ya Taifa, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iko Arusha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hebaria yake. Sampuli iliyoandaliwa hivi inaweza kulinganishwa na zilizohifadhiwa huko. Tenga kila aina kwenye chupa yake, na usisahau ile ya kununua.

Wakati unasubiri, ziba bomba la kumwagia la tanki kwa wavu wa matundu madogo kama chandarua, maana kitawi cha milimita chache kinatosha kuanzisha mkeka mpya. Maji ya tanki ukiyabadilisha, yamwage kwenye migomba, mbali na mfereji. Azola inayokuzidi itandaze juani mpaka ikauke kabisa na kuvunjika mkononi, ndipo uiweke shambani.